Shukrani kwa fundi wa umeme wa gari, Changamwe

Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga) kwenye gari letu ilikataa kuzimika, na gereji moja ikatutaka tununue mkanda mzima wa dereva. Fundi huyu, ambaye hakutaka nimtaje jina, alisoma kosa kwanza kwa mashine: ukinzani (ugumu wa umeme kupita) umezidi kwenye kikaza mkanda, yaani kifaa kinachovuta mkanda wa kiti ukaze gari likigonga, nacho kiko kwenye mfumo mmoja na eabegi.

Alichomoa betri, akangoja dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye kompyuta ya eabegi uishe, ndipo akagusa soketi ya manjano chini ya kiti. Kikaza chenyewe hakukipima kwa mita kamwe. Kina baruti, na mkondo mdogo tu waweza kukilipua usoni mwa mtu. Badala yake alichomeka rezista ya omu 2 (kipande chenye ukinzani kama wa kikaza kizima) mahali pa kikaza, akarudisha betri, akasoma tena. Kosa liko palepale! Basi kikaza ni kizima, ubovu uko kwenye waya.

Akakuta pini zimeliwa na kutu (chumvi ya bahari yetu hii). Akachomoa betri tena, akabadilisha soketi, akafuta kosa. Alitutoza ufundi na soketi basi.

Ahsante sana, fundi wetu. Nanyi wenye taa kama hiyo, dai waya upimwe kabla ya kununua mkanda.