Asasi za dini, ubaguzi wa rangi na mkoba wa mfadhili

Mhariri,

Tumesoma katika gazeti lako hoja kwamba asasi ya dini ikijitosa kusema juu ya ubaguzi wa rangi inajikatia riziki, maana mfadhili anataka kuona kisima na zahanati, hataki kusikia siasa. Mfano uliotolewa ulikuwa wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, yaani umoja wa makanisa wa kimataifa, lilipovipa fedha vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mfano wenyewe ni mzuri, ila umesimuliwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomfaa mtu anayeshika vitabu vya hesabu.

Mkutano Mkuu wa Baraza hilo, uliofanyika Uppsala, Sweden, mwaka 1968, ndio uliotaka hatua zichukuliwe. Mei 1969 kikao cha mashauriano kikafanyika Notting Hill, London, kikiongozwa na Seneta George McGovern wa Marekani. Agosti mwaka huohuo Kamati Kuu iliketi Canterbury, ikaanzisha Programu ya Kupambana na Ubaguzi wa Rangi na Mfuko Maalumu wenye lengo la dola 500,000. Tazama zilikotakiwa kutoka: 200,000 kwenye akiba ya Baraza lenyewe, na 300,000 kwa kuyaomba makanisa yachange. Septemba 1970 Kamati Tendaji ilikutana Arnoldshain, Ujerumani Magharibi, ikagawa dola 200,000 kwa vikundi 19. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji ambacho makao yake yalikuwa Dar es Salaam, ilipangiwa 15,000. ANC ya Afrika Kusini 10,000. Sharti lilikuwa kwamba fedha ziende kwenye shughuli za kibinadamu, kama elimu, afya na msaada wa kisheria. Ila Baraza likatamka wazi kwamba halitasimamia namna zinavyotumika.

Kwa mtu wa Mtwara au Bagamoyo hapakuwa na la kushangaza. FRELIMO ilikuwa na hospitali Mtwara na shule Bagamoyo, na watoto wa wakimbizi walionekana kwa macho wakienda darasani. Kwa muumini wa Belfast au Bristol, gazeti la asubuhi lilimwambia kwamba sadaka yake ya Jumapili imewanunulia waasi risasi. Ghadhabu ilianzia hapo, na ukiichambua utakuta imejengwa juu ya mambo matatu ya kiutendaji ambayo hayahusiani sana na kama ubaguzi ni dhambi au si dhambi.

La kwanza na kubwa ni akiba. Akiba ni jasho la kila aliyewahi kutoa, akiwemo yule asiyekubaliana nawe. Fedha ni kama maji ya mtungi: ukishayachanganya huwezi kusema haya ya Juma, yale ya Asha. Lau kundi la kwanza la malipo lingetoka kwenye michango iliyoombwa kwa jina la Mfuko Maalumu pekee, anayepinga angejibiwa kwa sentensi moja: senti yako haimo. Kwa kuwa awamu ile ilitegemea akiba, jibu hilo halikuwepo, na kila mweka hazina wa parokia aliyeulizwa mlangoni alibaki kuzungusha maneno. Baraza liliharakisha kwa sababu ya heshima. Lilitaka kuonyesha kwamba linaanza na mfuko wake kabla ya kuwaomba wengine. Nia hiyo tunaielewa. Lakini iligharimu.

La pili ni mpangilio wa habari. Viongozi wengi wa makanisa wanachama walipata taarifa kwenye magazeti, sawa na waumini wao. Kiongozi aliyeshtukizwa hawezi kukutetea hata kama moyoni anakuunga mkono; kwanza anajitetea yeye. Katika kazi hii hakuna kosa lililo rahisi kuliepuka kama hili, na hakuna linalorudiwa mara nyingi zaidi.

La tatu ni lile tamko la kutosimamia matumizi. Hapa tunalitetea Baraza, kwa sharti. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kumwambia mtu unamwamini kama mwenzako halafu ukamkalia shingoni kwa stakabadhi. Sawa. Ila kutosimamia si sawa na kutopokea taarifa. Kikundi kinaweza kuleta hesabu zake chenyewe, kwa namna yake, bila kuamriwa cha kununua. Sentensi ya namna hiyo, kama ingeandikwa mapema, ingempa mweka hazina wa parokia kitu cha kushika. Ingebaki hoja ya wakosoaji kwamba ukimlipia mtu dawa unamwachia fedha za kununulia bunduki. Hiyo haijibiwi na stakabadhi. Inajibiwa kwa kusema bila kificho kwamba ndiyo, umechagua upande.

Sasa nusu iliyoachwa. Makanisa wanachama ya Afrika Kusini, yaliyotakiwa na Waziri Mkuu Vorster yajitoe, yalikosoa malipo yale lakini yakabaki ndani. Serikali ndiyo iliyoyazuia kupeleka fedha kwa Baraza. Upande mwingine walikuja wachangiaji ambao hawakuwahi kuwa kwenye daftari: serikali za Sweden, Norway na Uholanzi ziliweka fedha katika Mfuko Maalumu, na Malkia Juliana wa Uholanzi alichangia kutoka mfukoni mwake. Miaka miwili baada ya Arnoldshain, Kamati Kuu ikikutana Utrecht haikurudi nyuma. Ilipandisha lengo la Mfuko kufikia angalau dola milioni moja, na ikaamua kuuza hisa zake katika makampuni yaliyowekeza kusini mwa Afrika. Mkutano Mkuu wa Nairobi, mwaka 1975, ukaiacha programu iendelee. Asasi iliyokatikiwa riziki haipandishi lengo.

Hasara ilikuwepo, na si vema kuificha. Agosti 1978 Baraza lilitoa dola 85,000 kwa Patriotic Front, muungano wa wapigania ukombozi wa Zimbabwe. Jeshi la Wokovu likasimamisha uanachama wake, na mwaka 1981 likajitoa kabisa. Kanisa la Presbyterian la Ireland nalo lilisimamisha mwaka huohuo 1978, likatoka 1980. Ili kuelewa uamuzi wa Jeshi la Wokovu lazima uangalie linavyopata fedha: kopo la sarafu barabarani, sare inayojulikana na kila mpita njia, jina moja dunia nzima. Hapo hakuna ukuta kati ya jina na kopo. Zaidi ya hayo, Juni 1978 walimu wake wawili walikuwa wameuawa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, katika vita hivyohivyo vya ukombozi. Hakuna akaunti tofauti wala barua ya mapema ambayo ingeziba pengo hilo. Mfadhili wa namna hii anaondoka kwa uchungu wake mwenyewe, na asasi yenye adabu humwacha aende bila kumbembeleza wala kumsuta.

Marekani ilitoa mifano miwili inayofaa zaidi kwa asasi ndogo. Mwaka 1967 Kanisa la Episcopal, chini ya Askofu Kiongozi John Hines, lilitenga dola milioni 9 kwa miaka mitatu kwa ajili ya vikundi vya watu maskini na weusi mijini. Mwaka 1969, katika mkutano wa South Bend, liliidhinisha dola 200,000 zilizokusudiwa kulifikia shirika moja la uchumi la watu weusi, lakini zikapitishwa kwa kamati ya wachungaji weusi ili jina la mpokeaji lisionekane moja kwa moja. Kila mtu alijua zinakokwenda. Kupitisha fedha mlango wa nyuma kulimkera mpinzani na kumdhalilisha mpokeaji kwa wakati mmoja. Dayosisi nyingi zilijibu kwa njia ya kimyakimya: hazikuandika barua, zilipunguza kiasi zinachopeleka makao makuu. Wafanyakazi wa makao makuu wakapunguzwa kwa wingi, na programu hiyo ikakoma kusimama peke yake mwaka 1973. Hilo ndilo pigo halisi, na lilitoka kwa waliokaa kimya.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1971. Kanisa la United Presbyterian lilitoa dola 10,000 kusaidia utetezi mahakamani wa Angela Davis, mwanaharakati mweusi Mkomunisti aliyeshtakiwa kwa mauaji. Fedha zilitoka kwenye mfuko uliokwisha kuwepo wa msaada wa dharura wa kisheria, kwa hiyo kihesabu hapakuwa na kosa. Barua za hasira zilimiminika hata hivyo. Kundi la Wapresbyterian weusi likachanga dola 10,000 kutoka mifukoni mwao na kuzirudisha kanisani, ili asiwepo wa kusema fedha zake zimetumika. Davis aliachiwa huru Juni 1972. Hapa mfuko maalumu ulikuwepo, kilichokosekana ni wachangiaji wake kujua mapema kwamba mfuko wa kisheria unaweza siku moja kumtetea mtu wasiyempenda. Hilo huandikwa kwenye kanuni za mfuko siku unapofunguliwa, wakati hakuna jina la mtu mezani.

Kwa asasi za kwetu, za Kikristo na za Kiislamu, mambo haya si ya zamani. Asasi inaweza kutakiwa kusema juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kiafrika wanavyotendewa Ghuba, huku mfadhili wa visima vyake yuko hukohuko. Au juu ya mshirika wa Ulaya anayemlipa mtaalamu wa kigeni mara nyingi ya mzawa mwenye cheti kilekile. Kabla ya kutoa tamko, mhasibu afungue daftari na kutafuta mambo mawili. Kwanza, katika kila shilingi 100 zinazoingia, ngapi ni huru na ngapi zimefungwa kwa mkataba? Fedha za mkataba si rahisi kukatwa katikati kwa hasira. Hatari yake ni siku ya kuhuisha. Pili, ni wachangiaji wangapi, ukianza na mkubwa kushuka chini, wanaofikisha nusu ya mapato? Wakiwa watano, unahitaji simu tano kabla ya tamko, zipigwe na mwenyekiti wa bodi mwenyewe, siku mbili au tatu kabla, si wiki mbili, maana wiki mbili ni muda wa kutosha wa mtu kukushinikiza uliondoe. Asiombwe ruhusa. Aambiwe.

Kazi yoyote inayotokana na tamko iwe na akaunti yake, kitabu chake cha stakabadhi na maombi yake ya michango. Akiba isiguswe walau mwaka wa kwanza.

Barua zikianza kuingia, kila moja ilinganishwe na daftari la wachangiaji kabla ya kujibiwa. Wengi wanaoandika kwa ukali hawajawahi kutoa hata shilingi. Wajibiwe kwa heshima na kwa mistari mitatu. Mchangiaji halisi anayeuliza fedha zake ziko wapi ajibiwe ndani ya siku mbili, kwa jina lake, kwa namba ya stakabadhi yake na kazi iliyofanyika. Anayepinga msimamo wenyewe asitumiwe barua ya fedha, hajauliza fedha. Apelekewe sababu, za kidini, fupi, zilezile zilizotolewa hadharani. Kuwaandikia maneno laini faraghani na makali jukwaani ni kosa ambalo hugunduliwa ndani ya wiki.

Kupima athari kunahitaji subira. Wenye agizo la kudumu benki hujulikana mwezi wa kwanza au wa pili. Wanaotoa mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi au Ramadhani, hawajulikani mpaka msimu wao upite. Aliyeiandika asasi kwenye wosia akaifuta, hutamjua kamwe. Kwa hiyo ripoti ya wiki mbili inayosema wafadhili wamekimbia, au inayosema hawakujali, zote hazina msingi.

Tunamwomba mwandishi wako, atakapoirudia mada hii, asiishie kwenye barua tatu za hasira alizoonyeshwa. Aombe mapato ya asasi husika kwa miezi kumi na minne, yakitenganishwa huru na yenye masharti, pamoja na idadi ya waliokoma na ya walioanza kutoa. Asasi ikikataa kuzitoa, hiyo nayo aichapishe.

Wahasibu wa mifuko ya hisani ya kidini,
Moshi