Shukrani kwa wote mliosimama na mtoto wetu

Assalaam aleikum ndugu zetu wa Mkuranga, Mbagala na nyote wa mbali mliochanga bila hata kumjua mgonjwa. Mimi ni baba yake mkubwa, naandika kwa niaba ya wazazi wake na ukoo mzima. Kijana wetu ametoka Muhimbili. Yuko nyumbani, anakojoa vizuri, na mashine ya kusafisha damu haihitaji tena. Alhamdulillah.

Wengi mmeuliza imekuwaje mtoto aliyetahiriwa akaishia kuugua figo. Mna haki ya kujua. Alitiwa jandoni likizo ya Juni pamoja na wenzake. Wenzake walikauka, yeye kidonda kikatunga usaha. Kilipofunga tukajua yamekwisha. Baadaye akawa anaamka macho yamevimba, kisha miguu, na mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Muuguzi wa zahanati yetu tunamshukuru kwa namna ya pekee. Hakuishia kwenye kidonda, aliuliza habari za mkojo, akampima presha, akahimiza rufaa siku ileile. Presha ilikuwa juu, nasi tulidhani hayo ni maradhi ya wazee.

Madaktari walitueleza kuwa vijidudu vya kidonda huweza kuleta haya wiki kadhaa baadaye, hata ngozi ikiwa imeshapona: kinga ya mwili iliyopigana navyo hunasa kwenye vichujio vya figo na kuvivimbisha. Watoto wengi hupona kwa dawa za kutoa maji na kushusha presha, na kwa kupunguziwa chumvi. Wa kwetu figo zilisimama, ikabidi asafishwe damu kwa mpira uliopitishwa shingoni, mpaka zilipoanza kufanya kazi tena.

Hapo ndipo mlipotubeba. Vijana wa bodaboda walikwenda kutoa damu. Akina mama wa kikoba walimpikia mama yake muda wote aliokaa wodini. Walimu wa shule na madrasa, na waumini wa kanisa la jirani, walichanga na kumwombea. Wapo waliotuma elfu moja wakaomba radhi kuwa ni ndogo. Ndugu zangu, haikuwa ndogo. Ililipa vipimo, dawa na nauli kama zile kubwa.

Tohara ni suna yetu na hatuiachi. Wadogo zake watapelekwa hospitali, nalisema hili bila kumlaumu mtu.

Bado anakwenda kliniki kupimwa mkojo na presha, na chumvi amezuiwa. Mnaokuja kumjulia hali, tafadhali msimletee krispi wala karanga za chumvi, kwa maana hajui kukataa. Fedha iliyobaki ni ya kliniki, na daftari la michango liko kwa babu, kila mchangiaji anakaribishwa kulitazama. Kisomo cha shukrani kitakuwa Ijumaa baada ya Alasiri, hapo hapo kwa babu. Karibuni nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri.