Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Tanga: mzani haupimi umri

Ndugu Afisa Michezo,

Nilitaka kuanza na shikamoo nikasita, maana naambiwa wewe bado kijana, na mimi nimeshatimiza miaka 57. Basi assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa ndoo na taulo. Tangu miaka ya tisini nakaa kona za mabondia wa Ngamiani na Makorora, nawafuta damu, nawamwagia maji, na jina langu halijawahi kuandikwa kwenye bango lolote. Nakuandikia hadharani kwa sababu kosa nitakalolisema, la kuwapandisha mabondia wazee ulingoni kwa kuwapima uzito na presha tu, na mimi nimo.

Mwaka jana nilimsimamia bondia wangu wa siku nyingi, miaka 43, pambano la raundi sita dhidi ya kijana wa miaka 22. Siku ya kupima uzito hakuwa na tatizo. Alipanda mzani, akashuka, akapimwa presha, akaulizwa kama anaumwa popote, akacheka. Wiki nzima alikuwa analipiga begi mpaka mnyororo unalia, na mimi mwenyewe nilimwambia aliyekuwa akimpima, "Huyu mzee bado chuma." Sikudanganya. Ila begi halirudishi ngumi.

Raundi ya kwanza alishinda. Ya pili akaanza kula jebu ileile, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele: mara moja, mara tatu, mara saba. Kila mara niliona bega la kijana likitangulia, na nikaona macho ya mzee yakiliona. Kichwa ndicho kilichochelewa kuondoka. Uzee wa bondia uko hapo, ndugu yangu, katika kile kidogo kilichopo kati ya kuona na kukwepa. Raundi ya tatu miguu ikagoma, akawa anaegemea kamba anangoja nafasi ya konde moja la kulia. Nguvu ya konde huwa ya mwisho kumwacha mtu, ndiyo maana wengi hujidanganya nayo. Kabla ya raundi ya tano nilimuuliza, "Kaka, tuko wapi hapa?" Akanijibu, "Korogwe." Tulikuwa Tanga mjini. Korogwe tulipigana zamani sana, akiwa na nywele. Taulo la kusimamisha pambano lilikuwa begani kwangu na sikulirusha.

Najua utakapoligusa jambo hili utatajiwa George Foreman. Kweli, mwaka 1994 alimwangusha Michael Moorer akiwa na miaka 45 akachukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Lakini wanaomtaja hawasemi kwamba mpaka raundi ya kumi alipomwangusha alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji, wala kwamba katikati ya maisha yake ya ngumi alikaa miaka kumi bila kupigana. Bondia wangu hajapumzika hata mwaka mmoja.

Mimi humtaja Muhammad Ali. Februari 1980 alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuwashawishi wakubwa wa Afrika wasuse Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakumpokea, lakini sisi watoto wa shule ya msingi tulizungumza habari zake mwezi mzima. Alikuwa na miaka 38. Miezi minane baadaye akapanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyewahi kumfanyisha mazoezi. Alikuwa amepungua mwili, nywele zimepakwa rangi, ukimtazama utasema ujana umerudi. Alipigwa raundi kumi mpaka kona yake ikasimamisha pambano. Mwaka 1984 madaktari wakamkuta na ugonjwa wa kutetemeka.

Hata ule mchezo wa Mike Tyson na Jake Paul mwaka 2024, pamoja na kelele zake zote, waliupunguza raundi zikawa za dakika mbili na wakawavalisha glovu nene za aunsi 14, kwa kuwa Tyson alikuwa na miaka 58. Wazee wetu huku wanapewa dakika tatu kamili.

Kuna jambo la ndani ya fuvu ambalo presha haiwezi kulionyesha. Kadiri mtu anavyozeeka ubongo husinyaa kidogo, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, na vimishipa vya damu vinavyovuka nafasi hiyo vinavutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kichwa kikitikiswa na konde vinakatika kwa urahisi zaidi. Damu huweza kuvuja polepole, mtu akarudi nyumbani, akala, akalala, asiamke.

Sikuombi uwafungie wazee milango. Tangu Hassan Mwakinyo wa hapa kwetu alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018, vijana wa Tanga wana njaa ya ngumi, na kijana anayejengewa rekodi lazima atafutiwe mtu wa kumpiga. Anayepatikana kwa bei nafuu ni mzee mwenye jina. Leseni najua zinatoka Dar es Salaam, lakini hapa mkoani neno lako lina uzito. Waambie mapromota kwamba aliyevuka miaka 38 apigwe picha ya kichwa, apimwe macho, halafu afanye sparingi, yaani ngumi za mazoezi, ya raundi tatu na kijana mwepesi, daktari amekaa pale pale anatazama. Gharama alipe mwenye pambano. Sparingi hiyo itaonyesha mengi kuliko mzani.

Bondia wangu amepigiwa simu tena. Pambano la utangulizi, shilingi laki tatu, na kodi ya nyumba anadaiwa ya miezi miwili, kwa hiyo simlaumu. Mimi nimekataa kushika ndoo, naye amenuna, hanisalimii. Jumatatu anakuja ofisini kwako kuuliza habari za kibali. Utamjua: ukimwamkia, atakugeuzia sikio la kulia.