Barua kwa dada yangu aliyeanza kuandika hadithi

Dada yangu mpendwa,

Kurasa zako nimezisoma zote, alafu nikazirudia tena. Jina lako sitaliweka hapa wala la huyo mtu aliyekuwa anakutesa, tulikubaliana hivyo na ahadi nimeishika, ila jibu langu nimeona niliandike wazi kama ulivyoniruhusu, manake wapo wengine wako kwenye hali ile uliyokuwa nayo wewe na hawana mtu wa kumtumia kurasa zao. Na wewe sasa hivi uko salama, mlango unaufunga mwenyewe na funguo unayo mwenyewe, kwahiyo acha tuongee.

Nianze na kilichoninyima usingizi. Kwenye hadithi yako kila mtu anaongea. Mume anaongea, mama mkwe anaongea, jirani anaongea, hata yule mtoto mdogo ana maneno yake, tena mazuri. Mwanamke wako peke yake ndo hana sentensi. Anaitikia "sawa". Kurasa zote hizo ni "sawa" tu, isipokuwa sehemu moja pale mwishoni ambapo ulimwandikia "usinishike" alafu ukaikata na kalamu, ukaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Lakini ukigeuza karatasi upande wa pili bado inasomeka. Nimeisoma.

Sasa kabla sijafika huko nikusifie kwanza, na sikusifii kwa kukuonea huruma. Pale unapoeleza anavyosikiliza funguo za mumewe, kwamba zikitundikwa kwenye msumari basi leo watalala, zikitupwa mezani anamtoa mtoto sebuleni kabla hata hajaulizwa kitu, na siku ambayo hasikii sauti ya funguo kabisa ndo anaogopa zaidi, pale mi nililiweka karatasi chini nikatembeatembea ndani. Miaka yote ile tulikuwa tunaongea kwenye simu na hukuwahi kuniambia habari ya funguo. Nikikuuliza unasema niko poa, watoto wazima, kazi nyingi. Haya mambo yalikuwa wapi? Yalikuwemo humo humo, ila kila ukianza na "mimi" koo linafunga, na ulipompa mwanamke mwingine jina na nyumba yake na mume wake, yakatoka yenyewe na funguo zake na msumari wake.

Ndo maana nakuomba usiiache hii kazi.

Watu wanadhani mtu anayepigwa ndani ya nyumba anaumizwa mwili tu. Kipigo mara nyingi kinakuja baadae, kinachotangulia ni maneno kunyang'anywa. Unasema kitu unaambiwa hukusema hivyo. Unalia unaambiwa unaigiza. Unapokea simu unaulizwa ulikuwa unamwambia nani nini, mpaka unajifunza kuongea kwa tahadhari, alafu kidogo kidogo, alafu basi. Na ile sentensi wanayoijua watesaji wote kama wamefundishwa darasa moja: nani atakuamini wewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani ameshapitia ukatili wa kupigwa au wa kingono katika maisha yake, na mara nyingi anayeufanya ni mume au mpenzi wake. Yaani hawa ni wanawake tunaosalimiana nao kila siku, na wengi wao wanajibu "niko poa" kama ulivyokuwa unajibu wewe.

Nataka nikwambie habari za Celie. Ni mhusika wa riwaya ya The Color Purple ya Alice Walker, ilitoka 1982 na mwaka uliofuata ikampa Walker tuzo ya Pulitzer ya riwaya, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hadithi iko Georgia, kusini mwa Marekani, na imeandikwa yote kwa barua. Celie ana miaka 14 pale inapoanza. Mwanaume anayemjua kama baba yake anambaka, kisha anamtishia asimwambie mtu yeyote isipokuwa Mungu. Na huyu mtoto anafanya kile kile alichoambiwa, anamwandikia Mungu barua. Hapo ndo nataka ukae kidogo dada. Amri ilitolewa ili anyamaze, yeye akaigeuza ikawa kalamu. Hana shule ya maana, anaandika kama anavyoongea, hajui kama kuna siku mtu atasoma, lakini kila barua inaanza na yeye anasema. Huko nje anapigwa na kutumikishwa, anaozwa kwa mwanaume aliyekuwa anamtaka mdogo wake, ila kwenye karatasi yeye ndo anayeamua nini kimetokea.

Na yule mume hamwiti jina. Kitabu karibu chote anamwandika "Mr." na kistari, kama nafasi imeachwa wazi ijazwe baadae. Wewe pia wako hajapewa jina, ni "yeye" mwanzo mpaka mwisho, na sidhani kama ulikuwa umekisoma hicho kitabu. Usimpe jina kama hujisikii. Celie alikuja kumwita Albert baadae kabisa, pale ambapo hakuwa anamuogopa tena.

Kuna sehemu ngumu kwenye kitabu hicho nayo naitaja makusudi, kwasababu waandishi wengi wa hadithi kama hizi wanamfanya mwanamke anayeteswa awe malaika. Harpo, mtoto wa kambo wa Celie, anakuja kuomba ushauri afanyeje mkewe Sofia amtii. Celie anamwambia ampige. Celie huyo huyo! Baadae Sofia anajua ushauri ulitoka wapi, anamfuata uso kwa uso, na Celie ambaye usingizi ulikuwa umemhama anakiri kwamba alisema vile kwa wivu, kwa sababu Sofia anaweza kufanya kitu ambacho yeye hawezi, kupigana. Wanamalizana wakiwa wanacheka na wanaanza kushona pamoja. Sasa wewe kwenye kurasa zako kuna pale mwanamke wako anamfokea mtoto bila kosa alafu anajifungia bafuni, ukaniandikia pembeni "hapa nitafuta". Naomba usipafute. Hapo ndo nilimwamini huyo mwanamke. Kuteswa hakumfanyi mtu awe mwema, kunambana mpaka ubaya unamtoka kwa aliye mdogo kuliko yeye, na msomaji aliyepitia hayo atajua kwamba unasema kweli, na pengine kwa mara ya kwanza ataacha kujiona yeye ndo shetani wa nyumba.

Celie anakuja kugundua kwamba mumewe amekuwa akificha barua za Nettie, mdogo wake, miaka mingi, na yeye alishaanza kuamini amekufa. Anazipata kwa msaada wa Shug, mwimbaji, mpenzi wa zamani wa huyo huyo mume. Hasira inampanda kiasi kwamba akishika wembe wa kumnyolea anawaza kumuua. Shug anamzuia, na badala ya wembe anampa sindano ashone suruali. Suruali hizo baadae ndo zinakuja kuwa biashara yake mwenyewe. Na siku ya kuondoka, mume anamtajia kila sababu ya kwanini yeye si kitu, maskini, mweusi, mbaya wa sura, mwanamke. Na Celie habishani hata na moja. Anamjibu tu kwamba hata kama yote ni kweli, yeye yupo. Nikifika hapo huwa nasimama. Mtu aliyeanza kwa kunong'ona kwenye karatasi leo anamjibu mumewe kwa sauti, na huwezi kunishawishi kwamba zile barua zote hazikuwa mazoezi ya siku ile.

Utaniambia hayo ni ya Marekani na ya zamani. Haya, Mariama Bâ wa Senegal mwaka 1979 alitoa riwaya yake kwa Kifaransa, kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ni Ramatoulaye akiwa eda anamwandikia rafiki yake Aissatou. Ramatoulaye na Aissatou hawasimuliwi kama wanawake wa kupigwa, maumivu yao ni ya waume walioongeza wake wadogo. Ila Aissatou aliondoka, akaacha barua kitandani, na Ramatoulaye anamkumbusha kwamba vitabu ndivyo vilivyomsimamisha, alijificha humo, akasoma, akawa mkalimani. Na katika riwaya zetu za Kiswahili yupo Bi Tamima wa Utengano, ya Said Ahmed Mohamed, mke ambaye mumewe Maksuudi alimfungia ndani pamoja na binti yake. Bi Tamima kila nikimsoma natamani angepata sura yake mwenyewe ya kusimulia, aseme yeye alikuwa anawaza nini mle ndani. Tunamwona anateswa ila hatukai kichwani mwake muda wa kutosha. Hiyo ndo nafasi ambayo watu kama wewe mnatakiwa kuijaza, manake kuteswa kwetu kumeandikwa sana na kuwaza kwetu kumeandikwa kidogo.

Uliniuliza mbona ukimaliza kuandika unajisikia vibaya kuliko kabla. Ni kawaida dada. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake mwaka 1986 walichapisha utafiti wao, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kila siku kwa siku 4, baadhi waandike mambo yaliyowaumiza sana maishani. Walioandika machungu yao pamoja na yalivyotokea walitoka pale wamenyong'onyea zaidi, lakini miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Sisemi kwamba kuandika ni dawa. Mshauri wako endelea kumuona, na siku kurasa zikikuzidi funga daftari ulale, hakuna anayekufukuza. Nachosema ni kwamba ule uzito unaousikia haumaanishi umekosea.

Na kwa dada mwingine unayesoma hii na bado uko ndani ya nyumba hiyo, samahani nakukatisha dada yangu kidogo niongee naye. Usiandike kwenye simu anayoikagua. Usiache daftari mahali anapopitisha mkono. Kama hakuna sehemu salama, tunga kichwani, mpe mwanamke wako jina na mwendeleze ukiwa unafua, hakuna anayeweza kupekua huko. Na usimchukue Celie ukafanya vile vile, kumtangazia mtu kama huyo uso kwa uso kwamba unaondoka kunapendeza kwenye riwaya, kwenye maisha kipindi cha kuondoka na muda mfupi baada ya hapo ndo huwa cha hatari zaidi. Mwambie kwanza mtu mmoja unayemwamini, weka vitambulisho vyako na vya watoto mahali unapoweza kuvifikia haraka, ujue unaenda kwa nani, na usiage.

Narudi kwako. Najua wameshaanza kusema. Kwamba unaanika mambo ya ndani, kwamba mwanamke mwenye heshima hafungui kinywa, kwamba kama umeshatoka si uyaache yapite. Wanaosema hivyo wengi walisikia vile vikombe vikivunjika na wakaongeza sauti ya redio. Hawana haki ya kuchagua wewe unyamaze kiasi gani. Na hadithi ni yako kuliko hata ushahidi, manake kwenye ushahidi wanakuuliza saa ngapi, mkono gani, nani aliona, na lazima ujibu walichouliza. Kwenye hadithi unaanzia unapotaka wewe. Ulianza na funguo, hakuna ofisi yoyote ingekuuliza habari ya funguo.

Na sitaki uandike ili uonekane shujaa. Sitaki mwanamke wako kesho aamke na nguvu za ajabu ampige mumewe, hiyo hadithi wataipenda lakini si yako. Akiweza kusema jambo moja tu kwa sauti yake, hata kama ni "chumvi imezidi", hata kama ni kwa mtoto na mume hayupo, mi nitatosheka kwa sura hii. Jaribu siku moja umwandike akiwa peke yake nyumbani anaongea. Anaongea nini? Anamsema nani? Anacheka? Mi sijui bado kama huyu mwanamke anacheka na nimekaa naye kurasa zote hizo.

Basi fanya hivi. Ukurasa wa mwisho uchape upya, na lile neno ulilolikata, "usinishike", lirudishe pale pale lilipokuwa, usilipambe, usiongeze alama za mshangao. Alafu usiikatize sura hapo kama ulivyofanya. Kaa chumbani nao uniandikie mume alifanya nini baada ya kulisikia, mkono ulienda wapi, mtoto alikuwa wapi, na mwanamke wako alikuwa anaangalia nini wakati anasubiri. Nitumie hata kama haijakamilika.

Mdogo wako