Nane yako, nane yangu

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu Manka,

Marahaba. Shikamoo yako mama yako amenifikishia, ingawa najua wiki ya tatu hii unampigia yeye tu.

Leo nimeufungua tena ule ujumbe wako: "Baba nafika saa 8." Basi mimi saa 7 na nusu mchana nilishafika stendi ya Moshi, na shati la kanisani nimevaa. Ikapita saa 8, ikapita 9, ikapita 10. Kila basi la Dar likiingia nasogea mlangoni kuchungulia. Simu ikazima chaji. Saa 11 nikapanda hiace nikarudi nyumbani nimevimba, nasema mtoto huyu ananichezea. Kumbe nane yako ni ile ya saa za simu, za ofisini kwenu. Ukashuka saa 2 usiku, hukuona mtu, ukapanda milimani kwa bodaboda na mizigo yako gizani. Ukafika nawe umevimba.

Sisi saa tunaihesabu tangu jua linapochomoza, na huku kwetu, iwe Januari iwe Julai, halipishani sana na saa 12. Simu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Pengo lake ni saa 6, na hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Ndilo linaloniuma. Wote tulijua, na hakuna aliyeuliza "nane ipi?", maana kila mtu alishaelewa.

Halafu ile "Sawa" uliyoniandikia kesho yake. Ilikuwa sawa ya kuchoka au ya kununa? Ungeitamka ningejua. Kwenye simu ni herufi nne tu. Sauti niliitia mwenyewe, na nikatia ya kununa.

Mama yako alipoletwa hapa toka Rombo, bibi yako alimwambia jambo asubuhi kwa Kimachame, naye akatabasamu, akaitikia. Watu wa Dar wanatuita sote Wachaga, lakini Mrombo akikolea Kirombo chake, Mmachame anabaki kumtazama mdomo. Bibi alikuwa amemtuma majani ya ng'ombe. Mama yako alidhani ameambiwa akapumzike! Ng'ombe walilia hadi jioni. (Ukimkumbusha leo anakana.) Ila wale wawili walijua kwamba hawasikilizani, kwa hiyo wakaanza kuulizana kila kitu, kwa Kiswahili, na ndicho ulichokulia. Mimi na wewe lugha ni moja, tukaona hakuna haja ya kuuliza.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la isale, nimelikata pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani. Litafika limenyauka, lakini unalijua, na unajua anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nilipaswa kukusubiri.

Desemba ukija usiniandikie saa. Nipigie ukifika Same, saa zilizobaki nitahesabu mwenyewe.

Baba yako