Vipande vya bodi vipimwe kabla ya kuchomelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wenye magari ya zamani hapa Nairobi tumekuwa tukilinung'unikia gerejini na kulinyamazia hadharani, nalo ni namna vipande vya bodi vinavyobadilishwa. Silalamikii bei. Nalalamikia mpangilio wa kazi: fundi huwasha mashine ya kuchomelea kabla hajapima chochote, naye mwenye gari, kwa kuwa haraka ni yake pia, husimama kando akimhimiza.

Nina Peugeot 504 saluni, aina iliyotoka Ufaransa mara ya kwanza mwaka wa 1968, na ambayo watu wa rika langu wanaikumbuka kwa Safari Rally ya 1975 aliyoshinda Ove Andersson na ile ya 1978 aliyoshinda Jean-Pierre Nicolas. Gari hili halina chesisi ya pekee kama ya lori. Sakafu, vizingiti vilivyo chini ya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, na ndicho kinachobeba injini, abiria na mizigo. Kwa hiyo kizingiti si pambo la kuziba ubavu. Ukikikata bila kuliegemeza gari, umeng'oa mhimili huku nyumba ina watu.

Magari yetu hapa jijini hayapati chumvi ya bahari kama ya Mombasa, lakini tunayo matope ya masika. Magurudumu huyarusha nyuma ya madigadi, yakakaa humo, matundu ya kutolea maji yakaziba, na kizingiti kikaanza kuoza kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona malengelenge madogo juu ya rangi, ndani hukuti tena chuma. Mimi nilijaribu kwa bisibisi, ikazama hadi mpini.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ililinyanyua gari kwa jeki moja katikati, ikaivua milango yote minne na kukata vizingiti vya pande zote mbili kwa grinda kabla ya chakula cha mchana. Vipya vilikunjwa kutoka kwenye bati, vikachomelewa kwa mashine ya vijiti, mstari mmoja mrefu kutoka mbele hadi nyuma, kisha ikaja putty ya kusawazisha bati, na rangi. Gari liling'aa ajabu. Milango iliporudishwa, ule wa nyuma upande wa dereva ulikwaruza juu, na chini ukaacha pengo la kupitisha kidole. Fundi aliingiza kipande cha mbao kwenye bawaba, akausukuma mlango kwa bega, akaniambia, "Mzee, mlango utazoea." Nilisubiri mwaka mzima na haukuzoea.

Ukweli ni kwamba mlango haukuwa na kosa lolote. Gari lilikuwa limelegea kiunoni wakati halina vizingiti, na vile vipya vikachomelewa juu ya ulegevu huo, yaani upotovu ukafungwa humo kwa chuma. Ndiyo maana fundi wa pili, huko Kariobangi Light Industries, alipoona nimekuja na malalamiko kuhusu mlango, hakuugusa. Alichukua tepu ya kupimia na chaki.

Kwa siku tatu hakuwasha mashine. Aliliweka gari kwenye stendi chini ya ekseli, ili uzito wake ukae pale unapokaa barabarani, akahakikisha sakafu ya gereji haijamdanganya. Akapima uwazi wa kila mlango kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja na wa pili, na kuandika namba kwenye ukuta. Mishazari miwili ya uwazi mmoja hailingani, kwa maana uwazi wa mlango si mraba, na hapo wengi hupotea. Kinacholinganishwa ni mshazari wa upande wa kulia na mwenzake wa kushoto. Kulikuwa na tofauti ya milimita 9. Akasukuma kwa jeki polepole, akapima, akasukuma tena, na namba zilipokaribiana ndipo alipochomelea mabomba ya mraba ndani ya uwazi ili gari lisisogee tena likikatwa. Milango aliiacha mahali pake, na baada ya hapo akakata upande mmoja tu.

Kukata kwenyewe kuna heshima yake. Kiwandani vipande hivi huunganishwa kwa nukta za kuchomelea, na ukisugua rangi kwa brashi ya waya utaziona, viduara vidogo vilivyopangana ukingoni. Fundi aligonga kila kiduara katikati kwa panchi, kisha akakitoboa kwa biti ya milimita 8, akisimama pindi bati la juu linapoachia, ili ukingo wa nguzo ulio nyuma yake ubaki mzima. Ni kazi ya kuchosha macho. Grinda ingeimaliza kwa dakika chache, lakini ingeondoka na ule ukingo ambao kizingiti kipya kinahitaji kuegemea.

Kipande kipya, cha bati lenye unene wa karibu milimita 1, kilishikwa kwa klampu na skrubu chache, mlango ukafungwa, na fundi akapitisha shina la biti ya milimita 5 kwenye pengo kuanzia juu hadi chini. Palipobana aliweka alama, akafungua, akarekebisha, akarudisha. Nilihesabu mara saba. Mara ya nne nilimuuliza kama haitoshi, naye bila kuinua kichwa akanijibu, "Mzee, nenda kazini, rudi Alhamisi."

Kuchomelea kulikuja mwisho na hakukuchukua muda. Betri ilitolewa, pande zinazogusana zikapakwa rangi ya zinki, kisha akatumia mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya mwembamba badala ya vijiti, akijaza matundu yaliyotobolewa ukingoni mwa kipande kipya, moja mbele, moja nyuma, moja katikati, na kupumzika. Aliweka kiganja juu ya bati. Kiganja kisipostahimili, hakuendelea. Bati jembamba likipata moto hutanuka, na likipoa hujivuta kupita lilivyokuwa, likivuta na majirani zake. Mstari mrefu wa moto mfululizo ndio unaoleta yale mawimbi ubavuni, na putty nene ndiyo huyaficha mpaka siku itakapopasuka. Siko pamoja na wanaosema putty ni dhambi. Milimita 1 au 2 juu ya bati lililonyooka haimdhuru mtu. Ila bati la kuezekea lenye zinki lisikaribishwe hapo hata kwa dharura, kwa sababu moshi wake humlaza fundi na homa.

Mhariri, huenda msomaji akauliza kwa nini nipige kelele kuhusu milimita za gari kuukuu. Kanuni za nchi hii haziruhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe. Bodi ya 504 ikiharibiwa hapa, siwezi kuagiza nyingine mnadani Japani kama mwenzangu wa Toyota. Tulizonazo ndizo hizo.

Kwa hiyo ninayo maombi. Kwanza ni kwetu wenye magari: tukubali kulipia siku za kupima na kujaribisha kama tunavyolipia rangi, na tufike gerejini kuangalia kabla putty haijapakwa, wakati kosa bado linaonekana kwa macho. Mara nyingi fundi huharakisha kwa sababu tumekubaliana bei ya kitu kinachong'aa. Pili ni kwa wanaotunga mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani: mtahiniwa wa kazi ya bodi apewe uwazi wa mlango uliopinda, tepu na jeki, aurudishe katika vipimo vyake kabla hajakabidhiwa mashine ya kuchomelea. Kijana akifunzwa kuunganisha chuma tu, ataunganisha hata kilichopinda. Na waamuzi wa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yanayofanyika jijini tangu 1970, wakizidi kutazama mapengo ya milango kuliko mng'ao wa boneti, sisi washabiki tutajifunza kutazama huko pia.

Mlango wangu wa nyuma sasa hufungika kwa kusukumwa na kidole. Ule wa mbele upande wa abiria bado una milimita 2 zaidi kwa chini, na fundi wa Kariobangi amekataa kuugusa, akisisitiza kwamba gari lilitoka na kosa hilo kiwandani.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Buruburu,
Nairobi