Aljebra ya Gredi ya 7: kwa nini hatuanzi na x

Tunafundisha hesabu nje ya darasa, mwanafunzi mmoja mmoja, na wazazi wengi hutuambia mtoto alikuwa anaelewa hesabu vizuri hadi herufi zilipoingia. Mara nyingi herufi inasingiziwa tu. Shida huwa ilikuwepo kabla ya Gredi ya 7, ila majibu sahihi yaliificha.

Ndiyo maana swali letu la kwanza halina x: 8 + 4 = __ + 5. Ajabu ni kwamba wengi hujaza 12, na wengine hujumlisha kila kitu wapate 17. Jibu ni 7. Aliyeandika 12 anaisoma alama ya usawa kama amri ya "toa jibu", na hajui kwamba inasema pande mbili zina thamani moja. Huyo ukimpa 2x + 3 = x + 7 atakodoa macho tu. Baada ya hapo tunampa 3 − 8, kisha −4 × −2, kisha robo tatu ya 20, bila kikokotoo. Anapokwama ndipo tunapoanzia, hata kama darasani wameshafika mbali.

Mlinganyo wa kwanza tunaupanga mezani. Bahasha mbili zilizofungwa, zenye vizibo vya soda idadi sawa, na vizibo vitatu nje; upande wa pili vizibo kumi na kimoja. Mwanafunzi anaondoa vitatu kila upande, vinabaki vinane, anavigawa kwa bahasha mbili: nne kila moja. Kisha anafungua ahakikishe. Kila hatua ya mkono anaiandika papo hapo: 2x + 3 = 11, 2x = 8, x = 4. Vizibo tunaviweka kando mapema, kwa sababu nambari hasi haiwezi kuwekwa ndani ya bahasha.

Tafadhali msimfundishe nyumbani kwamba "ukivuka upande, badilisha alama". Tunaujua mkato huo, na tunajua unakompeleka: 3x = 12, anahamisha 3, anaandika x = 9. Akikumbuka kwamba 3x ni mara tatu ya x, atagawa pande zote kwa 3. Kosa jingine ni 5 − (x − 2) kuwa 5 − x − 2, kwa kuwa alama ya kutoa imegusa x peke yake. Inapaswa kuwa 5 − x + 2, yaani 7 − x.

Halafu kuna ile mifano ya sokoni. Ukisema 3n + 2v ni nyanya tatu na vitunguu viwili, mtoto anacheka, anaelewa, kisha anaandika 5nv. Herufi ni nambari: n ni bei ya nyanya moja. Nyanya ikiwa shilingi 10 na kitunguu 15, jumla ni 60.

Kipindi ni saa moja, mwanafunzi mmoja, na muda mwingi yeye ndiye anayezungumza. Kosa la aljebra husikika kabla halijaonekana kwenye karatasi. Kazi ya nyumbani ni maswali sita, kila jibu likirudishwa kwenye mlinganyo kuthibitishwa.

Siku ya kwanza aje na daftari lake la hesabu la shule na karatasi za mitihani ya muhula uliopita. Makosa yasifutwe, wala asinakili upya.